Sindano Haikimbizwi

Novemba 2009 nilimshonea binti mmoja wa kanisani kwetu gauni la kipaimara. Lilikuwa jeupe, la mikono mirefu, na nililimaliza saa saba ya usiku pamoja na mengine manne. Siku ya ibada, alipopiga magoti mbele ya Askofu, nikaona bega lake limevutika. Alipoinua mkono kufanya ishara ya msalaba, gauni zima lilipanda. Nilikuwa nimekosea mikono: wa kulia nimeuunga kushoto, wa kushoto kulia. Mama yake hakuniambia neno. Alimfunika mwanawe kanga mabegani, wakatoka. Yule binti leo ana watoto wake, na mpaka sasa nikikutana naye macho yangu huenda kwanza begani.

Naanza na gauni hilo kwa sababu watu wanaonikuta barazani na sindano yangu hudhani nilizaliwa na subira. Nilikuwa fundi wa haraka, na nikijisifia haraka. Mteja akileta kitambaa Alkhamisi, namwahidi Ijumaa. Cherehani yangu ilikuwa ya umeme. Ile ya kukanyaga niliyoachiwa na mama nilikwisha kuiuza. Hata kusali nilisali mguu ukiwa kwenye mashine, na Baba Yetu ilikuwa ikimalizika kabla ya pindo.

Mwezi uliofuata umeme ukakatika. Haukukatika mtaani kwetu tu, ulikatika Unguja nzima, na tulikaa bila umeme mpaka Machi 2010. Waliokuwapo wanakumbuka: madumu ya maji vichochoroni kwa kuwa pampu zimelala, majenereta yakinguruma Mji Mkongwe, friji zimegeuka makabati. Mimi nilikuwa na nguo za Krismasi na sare za skuli zaidi ya thelathini, zimekatwa lakini hazijaungwa, na skuli zinafunguliwa Januari. Nyingine nilizipeleka kwa fundi mwenye cherehani ya kukanyaga, nyingine nikazirudisha kwa wenyewe na pesa zao. Kisha nikakaa.

Nyumba ya pili kutoka kwetu alikuwa akiishi bibi mmoja wa Kipemba, mjane, Mwislamu safi, aliyeshona kofia za viua tangu usichana wake. Kila baada ya sala ya alasiri alitoka barazani na kikapu chake. Siku moja napita nikamwamkia.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mwanangu. Mbona una uso wa mfiwa?"

Nikamwambia habari ya umeme na sare. Akanisikiliza mpaka mwisho, akainua sindano yake juu kidogo. "Hii yangu haina waya. Njoo ukae."

Kwa wasioijua kofia ya viua: ina vipande viwili, duara la juu na ukanda unaozunguka kichwa. Kila kipande ni kitambaa cheupe kilichopandanishwa, juu yake nakshi imechorwa kwa penseli. Halafu ndiyo inaanza kazi ya vitundu. Unatoboa kwa sindano nene, tundu dogo kuliko punje ya mtama, unalizungushia uzi mwembamba pande zote mpaka ukingo wake ukaze, ndipo unakwenda la pili. Hivyo vitundu ndivyo viua, na ndivyo vinavyopitisha upepo kichwani. Kofia moja ina mamia kwa mamia. Hushonwa kwa wiki nyingi, pengine kwa miezi, na ikiisha hufuliwa na kutiwa kanji ili isimame. Uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe: taa ya koroboi haikusaidii kitu. Lazima mwanga wa mchana, na jua likizama, kazi imekwisha, upende usipende.

Bibi alinipa kipande cha kujifunzia. Nikatoboa, nikazungusha uzi chapuchapu kama ninavyojua mimi, nikavuta. Kitambaa kikajikunja. Akakitazama.

"Fumua."

Cha pili nacho, fumua. Siku ile nilishona viua saba nikafumua saba. Akanifundisha kufumua kwa ncha ya sindano, uzi mmoja baada ya mwingine, bila mkasi, kwa sababu mkasi hukata na kisichotakiwa. Nilipokaribia kulia alisema jambo ambalo sijaacha kulifikiri kwa miaka yote hii: "Unashona kama mtu anayefukuzwa. Nani anakufukuza?"

Sikuwa na jibu. Hakuna mteja aliyekuwa akiningoja. Mashine imelala, wateja wamekwenda zao, na bado mkono wangu unakimbia.

Nimeisoma Biblia tangu utoto, lakini baada ya swali lile ndipo nilipoona kwamba ushonaji wa kwanza kutajwa ndani yake ni wa watu waliojiona wanafukuzwa. Mwanzo sura ya 3: Adamu na Hawa wamekula tunda, macho yamefumbuka, wameshona majani ya mtini upesi upesi ili wajisitiri. Vazi lao halikuwatosha hata wao wenyewe, kwani Mungu alipokuja bado walijificha. Mwishoni mwa sura hiyohiyo Mungu mwenyewe anawatengenezea mavazi ya ngozi na kuwavika. Nilikaa na mistari hiyo siku nyingi. Mungu amekosewa, ana hukumu ya kutoa, na bado anapata nafasi ya kukaa akamtengenezea mtu nguo.

Jambo la pili nililipata Mkunazini. Sisi Waanglikana wa Unguja tunasali juu ya mahali pa uchungu. Kanisa Kuu la Kristo limesimama palipokuwa soko la watumwa. Soko lilifungwa mwaka 1873, na siku ya Krismasi ya mwaka huohuo likawekwa jiwe la msingi la kanisa. Wageni huja kupiga picha, na ni vyema wakaja. Lakini sisi wenyeji tunapapita kila siku mpaka hatupaoni tena. Jumapili moja ya miezi ile ya giza lilisomwa somo la Kumbukumbu la Torati sura ya 5, zile Amri Kumi. Kwenye Kutoka sura ya 20, sababu ya kuitunza Sabato ni kwamba Mungu aliumba kwa siku sita akapumzika ya saba. Kwenye Kumbukumbu sababu ni nyingine: kumbuka ulikuwa mtumwa Misri, na Bwana akakutoa. Pumzika, na mtumishi wako apumzike kama wewe, kwa sababu ulikuwa mtumwa.

Kusikia maneno hayo mahali pale! Mtumwa hana saa yake. Anaamshwa, anaharakishwa, anafukuzwa. Na mimi, mtu huru, nilikuwa nimejifanyia msimamizi mwenye bakora nikampa cheo ndani ya kichwa changu. Nani anakufukuza?

Tangu hapo kila nikienda Mbweni, kwenye kanisa la Mtakatifu Yohana lililojengwa mwaka 1882, huwafikiri wasichana waliotolewa kwenye majahazi ya watumwa wakaletwa kusoma katika skuli ya misheni pale. Miongoni mwa kazi walizofundishwa ni kushona. Sindano ileile mtu anaweza kuishika kwa utumwa na anaweza kuishika kwa uhuru.

Nirudi barazani. Niliona midomo ya Bibi inachezacheza anaposhona. Nikamuuliza. Akasema kila anapozungusha uzi humtaja Mungu, Subhanallah, na mzunguko unaofuata tena, kwa hiyo kofia yake ni tasbihi ndefu ambayo mvaaji wake hajui kama anaivaa. Niliona wivu mwema. Mimi nami nikaanza, kimoyomoyo: nikitoboa, "Bwana Yesu", nikizungusha, "nihurumie". Siku za mwanzo nilisahau kila kiua cha tatu. Baadaye ikawa mkono wenyewe unaikumbuka sala. Halafu majina yakaanza kuja: yule binti wa kipaimara, mama yake, ndugu yangu niliyekuwa sisemi naye. Huwezi kumtaja mtu kwenye viua arobaini ukaendelea kumchukia vilevile. Nimejaribu, haiwezekani.

Hapo ndipo nilipomwelewa Tabitha wa Yafa, katika Matendo sura ya 9, ambaye Biblia yetu ya Kiswahili inatafsiri jina lake kuwa Paa. Alipokufa, wajane walimzunguka Petro wakilia na kumwonyesha kanzu na nguo alizowashonea. Hawakusema alikuwa mwepesi wa kazi. Wameshika nguo mkononi, na kila mmoja anajua kwamba yule mama alipokuwa akishona alikuwa akimwaza yeye.

Kofia yangu ya kwanza nilianza kuishona Januari, na Machi umeme uliporudi ilikuwa bado haijafika nusu. Niliimaliza Juni, nikampa mume wa jirani yangu kwa Idi. Bibi ameshatangulia mbele ya haki. Wanawe walinipa subana yake ya kukinga kidole, ya shaba, imebonyea upande mmoja kwa miaka ya kusukuma sindano, na kidole changu sasa kinajua palipobonyea.

Sasa, wengi mnaniandikia mnataka kujua mimi nafanyaje kupunguza mwendo, maana mna watoto, kodi, na bosi. Nataka nilijibu hili kwa uzito, kwa sababu mahubiri ya kupunguza mwendo huwaumiza maskini yakihubiriwa ovyo. Umeme uliporudi nilirudi kwenye cherehani. Ndiyo inayotulisha. Sikushauri uitupe yako, iwe mashine, duka, au daladala. Nilibadilisha mambo machache tu.

La kwanza, na ndilo lililonigharimu zaidi: niliacha kudanganya tarehe. Sisi mafundi tuna ugonjwa wa "njoo kesho". Nilipochunguza usiku wangu wa saa saba, niligundua kwamba haikuwa kazi nyingi iliyokuwa ikinikesha, ni ahadi za uongo. Nimemwahidi huyu Ijumaa, na yule Ijumaa, na mwingine Ijumaa, huku nikijua. Bwana wetu alisema ndiyo yetu iwe ndiyo na siyo yetu iwe siyo. Sasa mteja akija nahesabu kazi zilizopo mbele yake, namwambia wiki mbili, au tatu. Baadhi waliondoka, na wengine hawakurudi. Mwaka ule wa kwanza tulikula dagaa zaidi kuliko samaki wakubwa. Lakini waliobaki wanavaa nguo ambazo mikono yake iko mahali pake, na mimi nalala saa nne. Kama haraka yako inatokana na uongo, hakuna mapumziko ya kukuponya. Itibu kwa ukweli kwanza.

Pili, chagua kazi moja ya mkono ambayo hutaiuza na haina siku ya kumalizika. Si lazima iwe kofia. Jirani zangu wa upande wa mashamba husuka ukili na kuushona mikeka, na nimeona utulivu uleule. Anza na leso: piga pindo la mkono pande zote nne. Uzi wako usizidi urefu wa kutoka ncha za vidole mpaka kiwiko. Ukizidi utajifunga mafundo na hasira itakurudia. Robo saa yatosha. Kaa mahali penye mwanga wa jua na uache mwanga uondokapo, hata kama umebakiwa na mishono mitatu. Hiyo mishono mitatu usiimalize kwa taa. Iache kesho. Kwangu mimi hilo lilikuwa gumu kuliko kufunga Kwaresima.

Simu niweke wapi, mnauliza. Mimi naifungia kabatini, maana mfukoni haitoshi.

Na usiogope kufumua. Nadhani wengi tunakimbia kwa sababu tukisimama tutaona tulipokosea. Mishono mibaya ya mwaka jana inafumulika kwa namna ileile ya mishono ya leo, kwa ncha ya sindano, uzi mmoja mmoja. Mwaka 2011 nilimwendea mama wa yule binti nikaomba radhi. Akanambia alishasamehe siku ileile, ila gauni hakulitupa, analo sandukuni. Nikaliomba. Nililifumua mikono nikaiunga upya, kwa mkono, nikamrudishia. Halimtoshi tena mtu yeyote pale nyumbani. Alilikunja vizuri akalirudisha sandukuni.

Kuhusu vifaa, kwa kuwa hili huulizwa kila mara: nunua uzi wa pamba, kwani wa nailoni hukata kitambaa taratibu. Sindano namba 9 au 10. Kadiri namba inavyopanda ndivyo sindano inavyokuwa nyembamba, kwa hiyo msije mkanunua namba 1 mkidhani ndiyo ndogo. Bafta nyeupe, kitambaa cha pamba, utaipata sokoni Darajani, ifue kwanza ili irudi, yaani ipungue, kabla hujachora. Subana tafuta ya chuma au ya shaba inayokaa kwenye kidole cha kati bila kucheza. Na chagua kiti chenye mgongo.