Andikeni tarehe mbili: kwa mnaoanza kuripoti Bunge

Wadogo zangu mliopewa kadi za kuingia Bungeni mwezi huu, karibuni. Nimeombwa niwape machache niliyojifunza kuhusu habari inayowatoa jasho wageni kuliko zote pale Kampala: wanajeshi wetu kuvuka mpaka, na Bunge kuulizwa baadaye. Naanza na aibu yangu.

Januari 14, 2014, Bunge liliitwa kutoka likizoni kujadili UPDF, yaani jeshi letu la Uganda, walioko Sudan Kusini. Nilikuwa mgeni kama ninyi. Nikasikiliza hoja ya Waziri wa Ulinzi wa wakati huo, Crispus Kiyonga, nikasikiliza waheshimiwa wakipokezana, hoja ikapita. Nikadandia boda hadi studio, na saa moja jioni nikasoma kwa sauti ya kujiamini: "Bunge laidhinisha jeshi kwenda Juba." Sijamaliza kukunja karatasi, simu ikalia. Mzee wa Bombo, mji wa kambi ya jeshi, sajini mstaafu, Kiswahili chake kile cha kambini kisichozunguka. "Mwanangu, kwenda wapi? Vijana walishakwenda kabla ya Krismasi."

Alisema kweli. Mapigano ya Juba yalianza Desemba 15, 2013, na siku chache tu baadaye askari wetu walikuwa wameshafika, tukaambiwa wamekwenda kuokoa Waganda waliokwama na kulinda uwanja wa ndege. Kila neno kwenye taarifa yangu lilikuwa sahihi isipokuwa "kwenda", na neno hilo moja lilificha karibu mwezi mzima. Habari yenyewe ilikuwa ndani ya mwezi huo.

Tangu siku ile nina daftari lenye ukurasa wa safu mbili: siku ya kuvuka, na siku ya kura. Sijali mkijifunza nini kingine kwangu, safu hizo mbili mzianze leo.

Kabla ya kukaa ukumbini, someni sheria wenyewe, msitegemee muhtasari wa mtu. Ibara ya 124 ya Katiba ya 1995 inasema Rais akitaka kutangaza vita na nchi nyingine anahitaji azimio la theluthi mbili ya wabunge wote. Hali isiporuhusu kusubiri, atangaze, kisha alifuate Bunge ndani ya saa 72. Ni mlango mzito huo. Operesheni nitakazozitaja hapa hazikuupita, kwa sababu hakuna aliyeziita vita. Zimeitwa kulinda amani, kuokoa raia, kuwafuata magaidi, kumsaidia jirani aliyeomba. Basi mnashuka hadi ibara ya 210, inayolipa Bunge kazi ya kutunga sheria kuhusu jeshi, pamoja na kupelekwa kwake nje. Sheria hiyo ni ya 2005. Kifungu chake cha 39 kinataja kulinda amani na kulazimisha amani kama vitu viwili tofauti, na kwenye kulinda amani kinataka idhini ya Bunge; Bunge likiwa likizoni, Spika aliite likae ndani ya siku 21. Kuna pia kifungu cha makubaliano na nchi mwenyeji. (Namba zimehama katika toleo jipya la sheria zetu, kwa hiyo mkinukuu kifungu semeni ni cha toleo gani, la sivyo wakili fulani atawaumbua hewani.)

Mmeona mtego ulipo? Neno analolichagua waziri akisimama ndilo linaloamua anadaiwa nini. Akisema "kulinda amani" anadaiwa kura. Akisema "makubaliano kati ya serikali mbili" anapata pa kupumulia. Nilimwona waziri mmoja akitumia maneno matatu tofauti ndani ya hotuba ya dakika kumi, na mezani kwetu kila mwandishi akaandika lile alilolipenda. Yaandikeni yote matatu, kwa mpangilio uleule.

Sasa niwaonyeshe daftari.

Somalia ni mstari wa ajabu, kwa kuwa safu zimegeuka: Bunge lilipiga kura Februari 2007, askari wa kwanza wakatua Mogadishu Machi. Kura kwanza, buti baadaye. Ile misheni imetugharimu sana. Julai 11, 2010 mabomu ya al-Shabaab, wanamgambo tuliokwenda kupigana nao kule Somalia, yaliwaua watu zaidi ya 70 Kampala, kwenye klabu ya raga ya Kyadondo na mgahawa wa Ethiopian Village, wakitazama fainali ya Kombe la Dunia. Wapo waliopiga kelele askari warudi, na walikuwa na haki ya kupiga kelele. Lakini "hatukuulizwa" haikuwa hoja yao. Ugomvi ulikuwa juu ya kama safari yenyewe ina maana, na huo ndio ugomvi ambao nchi inapaswa kuwa nao.

Kongo ya 1998 ni kinyume chake. Askari waliingia bila kura ya Bunge kuwatangulia. Mnajua yaliyofuata, au muulizeni yeyote mwenye miaka hamsini: Kisangani, Juni 2000, sisi na Warwanda, waliokuwa washirika wetu, tukapigana kwa siku sita katikati ya mji wa watu wengine. Kongo ikatushtaki. Desemba 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki pale The Hague ikasema Uganda ilikiuka sheria ya kimataifa kwa kutumia nguvu, ikakalia Ituri kwa mabavu, na askari wake wakashiriki kupora mali asili. Februari 9, 2022 ikaja bei: dola milioni 325. Kati ya hizo, milioni 225 ni kwa watu waliodhuriwa, 40 kwa mali, 60 kwa mali asili. Zilipwe kwa mikupuo mitano ya milioni 65, kila Septemba Mosi, kuanzia 2022. Mtoto aliyezaliwa Arua mwaka askari walipovuka alikuwa na miaka 24, pengine ameshaanza kukatwa kodi kwenye mshahara, mkupuo wa kwanza ulipolipwa. Hapo ndipo nilipoongeza safu ya tatu kwenye daftari: siku ya bili.

Nataka mkae na jambo hili kidogo, kwa sababu ndilo linalowapotosha wengi. Wageni huja wakitafuta moto wa kisiasa siku ya mjadala: nani kapiga kelele, nani katoka nje, Kiongozi wa Upinzani kasema nini. Chama tawala kina wingi wa kutosha. Sijawahi kukaa kwenye jukwaa la waandishi nikaona hoja ya namna hii ikiangushwa. Uingereza, Agosti 2013, wabunge walimkatalia waziri mkuu wao David Cameron kuishambulia Syria kwa kura 285 dhidi ya 272, naye akakubali yakaisha. Wahariri wetu husoma habari kama ile kisha hutaka na sisi tuandike mjadala wa Kampala kama mechi ya fainali. Hapa mechi huchezwa mahali pengine. Huchezwa kwenye mahakama za nje, kwenye bajeti ya nyongeza, kwenye meza za mapatano ambako jina la Uganda limeandikwa kama tatizo. Angalieni Sudan Kusini tena. Wiki ileile Bunge lilipoidhinisha, Rais Museveni alisimama kwenye mkutano wa nchi za Maziwa Makuu mjini Luanda akasema wazi kwamba UPDF wamepigana bega kwa bega na jeshi la Juba, kilomita zipatazo 90 kutoka mji huo, na kwamba sisi pia tumepoteza watu. Waheshimiwa walikuwa wameidhinisha simulizi ya kuokoa raia; kumbe askari walikuwa vitani. Na katika mkataba wa amani wa Agosti 2015 likawekwa sharti vikosi vya kigeni viondoke, na Oktoba wetu wakaanza kufungasha. Aliyewaondoa ni mkataba, na Bunge lilisoma habari hiyo magazetini kama mimi na wewe.

Operesheni Shujaa nitaipitia haraka, ingawa ndiyo iliyo karibu na moyo wangu. Novemba 16, 2021 mabomu mawili yalilipuka katikati ya Kampala, moja karibu na kituo kikuu cha polisi, jingine hapohapo barabara ya Bunge. Nilikuwa ngazi za jengo la pili, vioo vikamwagika kama mahindi. Novemba 30 ndege na mizinga yetu ikaanza kupiga kambi za ADF, waasi wenye asili ya Uganda, ndani ya Kongo, kwa makubaliano na Kinshasa. Kura ya Bunge haikutangulia. Wabunge waliouliza kuhusu utaratibu walionekana kama watu wanaouliza risiti nyumba ikiungua. Nami sikuandika swali lao siku ile, nililiona dogo. Halikuwa dogo. Hofu ikiwa mpya, jilazimisheni kuandika hata aya moja ya utaratibu, kwa kuwa baada ya miaka mitatu hakuna atakayekumbuka kwamba iliulizwa.

Machi 2025 mstari wa Juba ukajiandika upya. Tarehe 11, Mkuu wa Majeshi, Muhoozi Kainerugaba, akatangaza kwenye X kwamba kikosi maalumu kimeingia Juba. Serikali ya Sudan Kusini ikakana. Tarehe 20, Bunge likaidhinisha. Safari hii sikuandika "kwenda". Niliandika "walioko", na nikapiga picha ya kila ujumbe wa X kabla haujafutwa, pamoja na saa. Fanyeni hivyo, siku hizi nyaraka ya kwanza ya jeshi kuvuka inaweza kuwa sentensi mbili kwenye simu, nayo hufutika.

Mkiwa ukumbini, acheni kuhesabu mikono. Sikilizeni kama hoja ina muda wa kumalizika. Sikilizeni kama makubaliano na nchi mwenyeji yamewekwa mezani au yametajwa tu. Hivyo ni vitu viwili. Kama yamewekwa, nendeni ofisi ya nyaraka siku hiyohiyo mkaombe nakala, msingoje kesho. Wasikilizeni wabunge wa wilaya za mpakani, wa Amuru, Adjumani, Koboko, maana wenzao wakizungumza juu ya heshima ya taifa, wao huuliza malori yaliyokwama Elegu, kwenye mpaka na Sudan Kusini. Mara nyingi swali la lori ndilo swali la kweli.

Kuhusu fedha, fuateni bajeti ya nyongeza. Sheria ya fedha za umma ya 2015 inairuhusu serikali kutumia hadi asilimia 3 juu ya bajeti iliyopitishwa kabla ya kupata idhini, kisha ije kuitafuta. Mmeuona mwendo? Ni uleule: kitendo kwanza, ruhusa baadaye. Matumizi ya siri ya ulinzi hayasomwi ukumbini, kwa hiyo msidanganye wasikilizaji kwamba mnajua gharama ya operesheni. Semeni kilichoonekana na kisichoonekana.

Na wafu. Mei 26, 2023 kambi yetu ya Buulo Mareer, Somalia, ilivamiwa. Siku kadhaa tukapata tetesi za kila namna, hadi Rais alipotaja askari 54. Katika siku zile nilipigiwa na mama mmoja akitaka nimsomee majina. Sikuwa nayo, na hata ningekuwa nayo nisingesoma. Jina la askari aliyekufa husikiwa kwanza na familia yake kutoka kwa jeshi. Hata mkizidiwa na kituo kingine kwa saa sita, vumilieni.

Mtaniuliza kwa nini haya yawahusu ninyi wa Kiswahili zaidi. Tazameni majina: Shujaa, Okoa Wananchi, ile ya Julai 2016 ya kuwatoa watu wetu Juba. Jeshi huzibatiza operesheni zake kwa Kiswahili, huamrishana kwa Kiswahili; Bunge huzijadili kwa Kiingereza. Wabunge wetu wengi wakisikia "Shujaa" wanasikia jina tu. Msikilizaji wa Bombo anasikia hukumu iliyokwisha kutolewa: huyu ni shujaa, nani atabishana naye? Mkiripoti, msilitumie jina la operesheni bila kueleza ni operesheni gani, wapi, tangu lini. Wengine Buganda bado wanakiona Kiswahili kama lugha ya buti tangu enzi za Amin, na sitaki tuwape sababu.

La mwisho ni la kawaida kabisa. Kikao huanza saa nane mchana kwenye karatasi, ila hoja ya jeshi ikiwa kwenye orodha ya shughuli, huweza kusogezwa hadi giza. Nunueni rolex, ile chapati ya mayai, kabla ya kuingia, chajini simu, na ule ukurasa wa safu tatu muwe nao mfukoni. Wangu, kwenye mstari wa Kongo 1998, safu ya bili ina tarehe tano, ya mwisho Septemba 1, 2026. Yule sajini wa Bombo bado hupiga simu. Mkipewa zamu ya jioni, atawapata.