Kabla hujaomba programu ya kukraki, soma yaliyonikuta Ujiji

Wiki iliyopita kuna dogo wa Kasulu kaniandikia hivi: "Shikamoo kaka, nimepata milioni moja na laki mbili nataka nianze kazi ya video, ninunue kamera gani? Alafu naomba unirushie ile programu unayoeditia, ile ambayo ishafunguliwa." Nimekaa na hiyo meseji siku tatu sijaijibu. Sio dharau mdogo wangu. Hilo neno la mwisho, "ishafunguliwa", yaani programu ya kulipia iliyokrakiwa, imevunjwa kufuli ili itumike bure, ndo lilinirudisha mahali ambapo sipendi kurudi.

Mimi nashuti harusi, sendoff, vikao, matangazo ya maduka, hapa Kigoma mjini, Mwanga, Ujiji, hata Uvinza wakiniita naenda. Nilianza na Canon 600D ya mtumba, kamera iliyotoka 2011, na laptopu ya i5 yenye RAM ya GB 8, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi ni ndogo. Na sisi wa mwisho wa reli mnajua mambo yetu, ukitaka kifaa cha maana unamtumia mtu hela aende Kariakoo, anakipandisha kwenye basi, we unabaki kuomba Mungu kifike kizima. Kwa hiyo kila shilingi nilikuwa naipeleka kwenye vifaa, programu nikaona ni kitu cha kuletewa kwenye flashi. Jamaa akaja, akaniambia zima antivairasi kwanza maana itaizuia. Nikazima. Sikujiuliza hata mara moja kwa nini iizuie.

Agosti 2021 nikapata sendoff Ujiji, laki tano, kwangu hiyo ilikuwa kazi kubwa. Baba wa binti ni mzee mvuvi, mtu asiyeongea kabisa, ndugu wenyewe waliniambia mzee huyu usimtegemee atasimama dakika moja. MC akampa maiki. Mzee akasimama, akamwangalia binti yake, akaongea kama dakika saba, anamwambia mambo ya tangu akiwa mdogo anamsubiri ufukweni alfajiri mitumbwi ikirudi na dagaa, ukumbi mzima kimya, hadi wapishi walitoka nje kusikiliza. Na mimi nilikuwa mbele yake kabisa, kamera imemkaa usoni, mwanga uko vizuri. Nilijua nimepata. Na kwa vile spika za kumbi huwa zinapasua sauti, nilikuwa nimemwekea mzee simu yangu mfuko wa shati ikiwa inarekodi na kimaiki cha kubana cha elfu ishirini na tano.

Jumatatu nikahamishia kila kitu kwenye laptopu, nikaformati kadi, kwa sababu Jumanne nilikuwa na kazi nyingine na kadi nilikuwa nazo mbili tu. Nikashuti juu yake. Jumatano asubuhi nafungua nianze kuediti, nakuta kila faili lina mkia wa herufi nne nisizozijua, na kila folda ina karatasi ya maandishi ya Kiingereza, wanataka dola 980, nikiwahi ndani ya saa 72 ni dola 490. Klipu zote. Picha zote. Mpaka risiti zangu. Ni aina ya virusi vinavyofunga mafaili yako mpaka ulipe, na vinasambaa sana kwa kujificha ndani ya programu za kukraki, hilo nilikuja kulisoma baadaye nikiwa nimeshaungua.

Nilijaribu PhotoRec kwenye zile kadi, hii ni programu ya bure ya kufufua mafaili na inafanya kazi kweli, ila kadi ukishaformati na kushuti kitu kingine juu yake umeshajimaliza. Nilipata vipande vitatu vya watu wanakula.

Nilienda mwenyewe Ujiji, sikupiga simu. Mama wa binti alinisikiliza mpaka mwisho halafu akauliza, "Mwanangu, hata baba yake?" Sikuwa na jibu. Nilirudisha laki tano yote, nikawapelekea sauti ya mzee kutoka kwenye simu, hiyo tu ndo ilipona, nikaiweka juu ya picha za mnato walizopigwa na ndugu. Waliipokea. Upande ule wa Ujiji sikuitwa tena karibu miaka miwili, na inaniuma mpaka leo kwa sababu siku ile nilishuti vizuri kuliko siku yoyote.

Sasa ndo nikaanza kutafuta programu halali kama mtu anayetafuta dawa. Nilianza na DaVinci Resolve, programu ya kuediti video, toleo lake la bure halina nembo juu ya video na linatoa video mpaka ubora wa juu wa 4K, yaani 3840 kwa 2160, la kulipia ni dola 295 mara moja tu sio kila mwezi. Nikala bando la zaidi ya GB 2 kuidaunlodi. Kwa RAM 8 ikanigandia, nabonyeza pleya naenda kunywa chai narudi bado. Hapo wengi ndo wanarudi kwenye kukraki. Mimi nikaenda Kdenlive, nayo ni ya bure kabisa, nyepesi, na humo ndo nilijifunza kitu kinaitwa proksi, yaani programu inakutengenezea nakala ndogo ndogo za klipu zako, unaeditia hizo nyepesi, ukija kutoa video ya mwisho inachukua zile halisi. Laptopu ileile niliyokuwa naitukana ikaanza kukimbia. Niliedit nayo mwaka mzima, nikaongeza RAM ikawa 16, ndo nikarudi Resolve, na huko pia natumia proksi.

Kingine ni video za simu. Wateja wanakuletea klipu za simu uchanganye, sauti inaanza sawa na mdomo, mbele inaachana. Simu nyingi fremu zake, yaani zile picha zinazounda video, idadi yake kwa sekunde haitulii, zinapanda na kushuka. Pitisha kwanza kwenye HandBrake, programu ya kubadilisha video, ya bure pia, chagua fremu zisizobadilika, ndo uingize. Na kama taa za ukumbi zinacheza cheza kwenye video, weka shata ya kamera 1/50 ya sekunde, umeme wetu ni wa 50Hz ndo maana.

Kwa hiyo dogo, hiyo milioni na laki mbili usiimalize kwenye kamera. Nunua bodi ya kamera ya mtumba, lakini kabla ya lenzi ya pili nunua hadidiski mbili za nje. Mbili, sio moja. Kamera kama yangu inakula kama GB 20 kwa saa, na klipu ikifika GB 4, dakika 12 hivi, inakata yenyewe, usipokuwa macho baba wa mtu anaongea we hurekodi. Nunua maiki ya kubana, na sponji au manyoya ya kuzuia upepo, Kibirizi mchana upepo wa ziwa na injini za boti vinameza sauti yote. Betri za ziada, maana umeme ukikatika huwezi kumwambia MC asubiri. Kadi ukiletewa, ijaze yote na H2testw, programu ya kupima kadi, kabla ya kazi, kuna kadi imeandikwa GB 128 ndani hata 16 haifiki. Na usiformati kadi mpaka kazi iwe sehemu mbili. Narudia, sehemu mbili, na moja isiwe kwenye laptopu yenye intaneti.

Vijana mnagombania 4K, mnabishana kamera hii na ile usiku kucha, mama yule wa Ujiji hajui 4K ni nini, yeye aliuliza baba yuko wapi. Heshimu hiyo. Mtu kakukabidhi siku ambayo hairudiwi halafu we unaiweka ndani ya programu ya wizi, hapo unamwibia na yeye. Nasema kwa ukali kwa sababu mimi nilifanya.

Ile diski yenye mafaili yaliyofungwa bado ninayo kabatini. Kuna mradi unaitwa No More Ransom, ulianzishwa 2016 na Europol, shirika la polisi la Umoja wa Ulaya, pamoja na polisi wa Uholanzi na kampuni za usalama wa kompyuta, wanatoa bure funguo za baadhi ya virusi hivi. Kila baada ya miezi kadhaa nachukua faili moja, lile la saa tatu na dakika kumi usiku, mzee akiwa ndo kasimama, najaribu. Mwezi uliopita nimejaribu tena, halijafunguka.