Maswali ya Wasomaji: Wimbo wa Zamani Katika Riwaya Mpya

SWALI: Ninaandika riwaya ambayo matukio yake yanatokea Pangani na Unguja katika miaka ya 1930. Katika sura ya nne bibi arusi anaimbiwa na wanawake wa nyumbani, nami ningependa kunukuu beti mbili tatu za wimbo wa kweli wa zamani. Rafiki mmoja amenionya kwamba nitashtakiwa. Mwingine anasema wimbo wa zamani hauna mwenyewe. Nimsikilize yupi, na nyimbo hizo nizipate wapi? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Ndugu msomaji, kila mmoja wa rafiki zako ameshika upande mmoja tu wa jambo hili. Wimbo huwa miliki ya umma, yaani mali ambayo yeyote anaweza kuichapisha bila kuomba ruhusa, pale muda wa hakimiliki unapokwisha, na muda huo hauhesabiwi kwa uzee wa wimbo masikioni mwetu. Kwa sheria ya Tanzania Bara ya mwaka 1999, kama ilivyo kwa Kenya, kazi ya mtunzi hulindwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Katika nchi za Umoja wa Ulaya ni miaka 70. Kwa hiyo swali la kwanza la kujiuliza ni hili: aliyetunga maneno alifariki lini?

Nasema maneno kwa makusudi, kwa sababu wimbo mmoja hubeba haki kadhaa. Maneno yana mtunzi wake, mahadhi yanaweza kuwa na mwingine, na santuri ina haki yake pekee. Wewe unayechapisha kitabu unahitaji maneno tu. Hata hivyo, jina lililoandikwa kwenye santuri si lazima liwe la mtunzi. Siti binti Saad, ambaye sauti yake ilirekodiwa Bombay mwaka 1928, alifariki mwaka 1950, na mtu angeweza kuhitimisha haraka kwamba kila alichoimba kiko huru; lakini washairi mbalimbali walimtungia, na kila mmoja wao ana tarehe yake ya kufariki. Tazama pia “Malaika”, ambao wengi huudhani ni wimbo wa jadi: Fadhili William, anayetajwa mara nyingi kuwa mtunzi wake, alifariki mwaka 2001, na utunzi wenyewe umebishaniwa kwa miaka mingi. Wimbo wa namna hiyo usiuguse bila ruhusa ya maandishi.

Kuhusu mahali pa kutafuta, ushauri wangu ni kwamba usianzie kwenye santuri, bali kwenye vitabu vilivyochapishwa kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kilicho karibu zaidi na riwaya yako ni “Desturi za Wasuaheli”, kilichotolewa na Carl Velten huko Göttingen mwaka 1903. Sehemu kubwa ya maandishi yake ni ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda karibu na Bagamoyo, ambaye alifundisha Kiswahili Berlin na kufariki huko mwaka 1927. Ndani yake mna maelezo ya harusi na ngoma za Mrima pamoja na maneno ya nyimbo, yaliyoandikwa na mtu aliyekulia miongoni mwa waimbaji, na kwangu mimi hiyo ni hazina ambayo waandishi wetu wameipita kwa muda mrefu mno. Nyimbo zilizojulikana mwaka 1903 zinaweza kabisa kutoka kinywani mwa bibi mzee wa mwaka 1935. Jihadhari na jambo moja: tafsiri ya Kiingereza ya kitabu hicho, ya J. W. T. Allen, ilitoka mwaka 1981 na ingali na hakimiliki, kwa hiyo nukuu Kiswahili chenyewe.

Ikiwa wimbo hauna mtunzi anayejulikana na ni wa jamii fulani, sheria ya Kenya ya mwaka 2016 inalinda sanaa za jadi, na kuna wakati ridhaa ya jamii husika huhitajika. Kitabu chako kikiuzwa huko, mwulize mchapishaji mapema.

Mwisho, tahajia. Kiswahili sanifu kilianza kusimamiwa na kamati ya nchi za Afrika Mashariki mwaka 1930, na hata jina la kitabu cha Velten linakuonyesha kwamba maandishi yake hayafanani na yetu. Unaweza kuandika maneno hayo kwa tahajia ya leo, ila usibadili neno lenyewe wala kuongeza silabi, kwa maana mizani ikivunjika ubeti hautaimbika tena. Na katika ukurasa wa shukrani taja kitabu ulichoutoa wimbo, pamoja na jina la Mtoro.