Ukikubali kuandamana na darasa la mwanao kwenye ziara

Mwalimu wa darasa akikuomba uandamane na watoto kwenye ziara ya shule, mwombe na wewe jambo moja: asikupangie kundi lenye mwanao. Mtoto akiwa na mama yake kundini hudeka, na macho ya mama humfuata yeye tu. Yule wa pembeni, ambaye mama yake yuko sokoni Kibuye akitafuta riziki, anabaki bila mtu. Siku hiyo watoto uliokabidhiwa ni wako wote. Binti yangu alinuna alipowekwa kundi la mzazi mwingine, lakini kabla hatujafika Ahero alikuwa anaimba na wenzake kama vile simo ndani ya basi.

Shule nyingi za hapa Kisumu hupeleka watoto Mbuga ya Kitaifa ya Ziwa Nakuru, mwendo wa kilomita 180 hivi kupitia Kericho. Ni safari ndefu kwa mtoto, na sehemu kubwa ya kazi ya mzazi huwa njiani, si mbugani.

Anza na baridi. Basi hutoka Kisumu alfajiri hewa ikiwa na joto, na watoto wamevaa kama wanaoenda ufuoni Dunga. Baada ya mwendo wa saa mbili hivi wako Kericho, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, meno yanagongana. Kwa watoto wengi sweta linatosha. Lakini mtoto mwenye selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi (sickle cell), na huku kandokando ya ziwa tunao wengi, anaweza kushikwa na maumivu makali kwa sababu ya baridi au kukosa maji. Kwa hiyo siku mbili tatu kabla ya safari muulize mwalimu: katika kundi langu nani ana selimundu, nani ana pumu, nani hutapika kwenye gari? Dawa zikae na mwalimu pamoja na maagizo ya mzazi. Usimpe mtoto wa mwenzio hata tembe moja ya maumivu kutoka mkobani mwako kabla mzazi wake hajapigiwa simu. Kwa wanaotapika, beba mkebe mtupu wa mafuta ya kupikia wenye kifuniko. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Agosti 2017, na ule wa karatasi hulowa ukapasukia mapajani.

Mikanda ya viti ikaguliwe na wewe mwenyewe, kiti kwa kiti, hasa kabla ya mteremko wa kutoka Mau Summit kwenda Salgaa, ambako malori mazito yanashuka pamoja nanyi. Halafu kuna tabia yetu ya kumwambia dereva asimame kidogo tununue viazi, karoti na kabeji za barabarani. Naomba tuiache kabisa tukiwa na watoto. Njia hiyo inapita makutano ya Londiani, ambako Juni 2023 lori liliacha njia likaua zaidi ya watu 50, wengi wao wakiwa wafanyabiashara na abiria kando ya barabara. Basi la shule lisimame tu mahali penye uwanja wa kuegesha, na kabeji utanunua siku nyingine.

Mahali penyewe huwa ni kituo cha mafuta, na hapo ndipo ninapotaka mzazi awe macho kuliko hata mbele ya nyati. Malori yanarudi nyuma, watoto wamebanwa na mkojo, kila mmoja anataka kukimbia. Mtu mzima mmoja asimame mlangoni pa choo, mwingine kati ya choo na basi, na watoto waende wawili wawili. Kabla basi halijaondoka, hesabu kwa kutaja majina huku ukimtazama kila mtoto usoni. Hesabu ya vichwa peke yake hudanganya, kwa sababu kuna watoto wanaohamia kundi la rafiki.

Ukiwa mama, beba pedi, chupi mpya na leso ya rangi nzito hata kama hujaombwa. Msichana mmoja wa Gredi ya 6 alibaki kitini wenzake wote waliposhuka. Nilipomkaribia alitazama sakafu akasema, "Anti, siwezi kusimama." Nilimfunga leso kiunoni palepale alipokaa, tukashuka wa mwisho, mimi hatua moja nyuma yake. Chooni nilimpa pedi, chupi na kipande cha sabuni, nikasimama nje nikimweleza polepole kupitia mlangoni namna ya kuibandika, maana ilikuwa mara yake ya kwanza. Sketi tuliikunja ndani ya gazeti, akavaa suruali yake ya michezo na leso juu yake. Wenzake waliona leso tu. Nilimnong'oneza mwalimu wa kike, naye jioni akazungumza na mama mtu kando. Mtoto yule alikuja kuwaona vifaru kama wengine, badala ya kushinda ndani ya basi akilia.

Wakati wa chakula ndipo hali za nyumbani huonekana. Mmoja anafungua kuku na chipsi, mwingine anageukia dirisha na kuinamia viazi vitamu viwili vilivyochemshwa. Mimi hubeba chapati na mayai ya kuchemsha ya kutosha kundi zima, nikaanza kumgawia yule mwenye kuku. Hivyo hakuna anayeonekana amehurumiwa. Kuhusu pesa za matumizi, zungumzeni mapema kwenye kundi la WhatsApp la wazazi mkubaliane kiwango kimoja kidogo, au zisiwepo kabisa. Chakula chenyewe kiliwe madirisha yakiwa yamefungwa, au mahali penye askari wa mbuga, kwa sababu nyani wa Nakuru wanaujua mfuko wa mkate kabla haujafunguliwa. Maji yawe kwenye chupa ya kutumia tena na tena. Tangu Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi ndani ya mbuga za kitaifa, na inaumiza kumwona mtoto akinyang'anywa maji langoni.

Ndani ya mbuga, punguza kuongea. Watoto wataona miti ya migunga iliyokauka ikiwa imesimama majini, na watauliza. Waache wamuulize mwelekezi, hata kama jibu unalijua. Atawaeleza jinsi ziwa lilivyojaa katika miaka ya karibuni likameza barabara na hata lango la zamani, jinsi chumvi ya maji ilivyopungua, na mwani unaoliwa na heroe (flamingo) ukapungua pia, ndiyo maana wengi wa ndege hao wamehamia maziwa mengine kama Bogoria. Mtoto aliyeuliza swali hilo kwa kinywa chake atalikumbuka. Simu yako iwe ya dharura. Picha za watoto wa wenzio usizitume popote bila ruhusa ya wazazi wao.

Mkirudi Kisumu giza limeingia, watoto wanalala na wazazi wako langoni wanapiga honi. Usiwaachilie kwa pamoja. Kila mtoto akabidhiwe mtu anayejulikana, mwalimu akitia alama kwenye orodha. Akija bodaboda kusema ametumwa, mzazi apigiwe simu kwanza na sauti yake isikike. Wapo watakaokasirika kwamba unawachelewesha. Wajibu kwa heshima na uendelee na orodha, kisha pitia viti vyote hadi cha nyuma kabisa kabla dereva hajafunga mlango.