Kabla Hujamuuzia Mtu Gadi

Mdogo wangu, mteja wa kwanza atakayekuletea homu thieta iliyokufa atasema maneno utakayoyasikia mpaka uzeeke: "Umeme ulikatika, uliporudi haikuwaka tena." Hata bisibisi hujashika, atakuuliza anunue gadi gani, kile kifaa cha soketini cha kulinda vyombo na umeme mbaya, yasimkute tena. Usimjibu hapo. Fungua kifaa kwanza.

Mimi nina meza ya ufundi hapa Mwanza, huu mwaka wa kumi na nne. Miaka mitatu ya mwanzo niligawa gadi kama duka la dawa la uchochoroni linavyogawa panadoli: anayeumwa kichwa, panadoli, anayeumwa tumbo, panadoli. Wapo waliopona. Wengine walirudi na kifaa kimekufa upya, gadi yenyewe nzima, taa yake ya kijani inawaka, nami sina pa kuweka uso. Kilichonitoa kwenye aibu hiyo ni kujifunza kuwasoma marehemu, yaani vifaa vilivyokufa.

Ukifungua saplai, sehemu ya kifaa inayopokea umeme, pale umeme wa ukutani unapoingilia, utakuta fyuzi, na nyuma yake mara nyingi kuna kidude bapa cha duara, cha bluu au cha njano. Hiyo ndiyo varista. Ina namba kama 14D431: 14 ni kipenyo chake kwa milimita, na 431 husomwa 43 ikifuatwa na sifuri moja, yaani volti 430. Chini ya hapo imelala. Volti zikivuka hapo inaamka na kuupitisha mpigo, yaani volti zilizoruka ghafla, kwake ili usiende mbele. Mbele yake kuna kapasita kubwa ya volti 400 au 450. Umeme wetu wa 230 ukishapita kwenye dayodi unafika karibu volti 325, kwa hiyo ile ya 400 imebakiwa na pumzi kidogo tu. (Na kapasita hiyo inashika chaji hata kifaa kikiwa kimechomolewa. Itoe chaji kwa balbu kabla hujaingiza vidole. Nilijifunza kwa mkono wa kulia, sikushika solda siku mbili.)

Sasa soma. Kapasita imevimba utosi au imetapika, varista nyeusi, kioo cha fyuzi kimejaa moshi: huyu alipewa volti nyingi kwa muda, sekunde kadhaa au dakika. Varista imepasuka na fyuzi imekatika, lakini vinavyofuata vyote vizima: huo ulikuwa mpigo mfupi sana, na varista ilifia kazini. Badilisha hivyo viwili, umemaliza. Hapa vijana wengi wana mchezo mbaya: wanang'oa varista iliyokufa, wanaona kifaa kinawaka bila hiyo, wanakirudisha hivyo hivyo. Ni kweli kinawaka, ila umemrudishia mtu nyumba isiyo na mlango. Halafu yupo marehemu wa tatu, yule aliyenitesa: fyuzi nzima, saplai nzima, muziki unawaka vizuri kabisa, ila tundu la HDMI, lile la waya wa picha na sauti, halisomi kitu.

Hawa watatu hawakufa ugonjwa mmoja, na gadi ya soketini inamtibu mmoja tu kati yao.

Nianze na yule aliyevimba, maana ndiye nimempokea mara nyingi. Watu husingizia radi. Mimi namtafuta nyutro, waya unaorudisha umeme. Umeme wa mtaani unakuja kwa fesi tatu, yaani nyaya tatu zenye moto. Kati ya fesi na nyutro ni volti 230, kati ya fesi na fesi ni 400. Nyumba yangu iko fesi moja, ya jirani fesi nyingine, nyutro tunachangia. Nyutro ikilegea au ikikatika huko kwenye nguzo, umeme wangu unatafuta njia ya kurudi kupitia nyumba ya jirani, na sisi wawili tunagawana zile 400 bila usawa. Aliyewasha vitu vizito, pasi na jiko, anabaki na volti kiduchu. Aliyewasha TV na taa mbili tu ndiye anayebebeshwa 300 na zaidi. Nyumba yenye fesi tatu ndani inaweza kupata balaa hili peke yake, nyutro yake ikiachia kwenye meni swichi.

Nyumba moja ya Igoma ilinifundisha hilo. Niliitwa kwa ajili ya sabufa, nikakuta taa za sebuleni zinawaka kama za uwanja wa mpira na za jikoni zinafifia kama kibatari. Mama mwenye nyumba akasema zimekuwa hivyo tangu asubuhi, akadhani ni balbu. Nilizima meni swichi kabla ya kusalimia vizuri. Skrubu ya nyutro ilikuwa inazungushika kwa kidole. Dalili hiyo ikariri na uwafundishe wateja: taa upande huu zinang'aa kupita kiasi, upande ule zinafifia, zima meni, piga simu shirika la umeme. Tatizo likiwa kwenye nguzo, wewe huna kazi huko juu.

Hata ile sabufa ya bei rahisi yenye transfoma nzito, ambayo watu huiita sugu, haivumilii hali hiyo. Zile zenye TDA2030, aisii ya kukuza sauti, na transfoma ya 12-0-12, yaani volti 12 kila upande, zikishapita kwenye dayodi zinapata karibu volti 17 kila upande, na kikomo cha hiyo aisii ni 18. Umeme ukipanda hadi 300, hesabu mwenyewe.

Kwa ugonjwa huu, gadi ndiyo dawa. Namaanisha gadi ya kweli, inayopima volti, ikakata zikizidi au zikipungua mno, kisha ikasubiri umeme utulie kabla ya kuurudisha. Ile subira ndiyo thamani yake, kwa sababu umeme unaporudi mtaani friji zote, pampu zote na mashine ya kusaga ya jirani huanza kwa pamoja, na dakika ya kwanza volti zinacheza ngoma. Gadi ya friji husubiri dakika kadhaa kwa ajili ya kompresa. Ya TV husubiri sekunde kadhaa tu. Mteja akiwa na ya friji usimcheke, muziki unaweza kusubiri.

Ila gadi hiyo inakata kwa rilei, na rilei ni swichi yenye chuma kinachosogea. Mpigo wa radi maabara huigizwa kwa wimbi linalopanda kwa mikrosekunde 8 na kushuka hadi nusu ifikapo ya 20. Kabla rilei haijashtuka, msiba umeshapita. Varista ndiyo yenye mbio hizo, lakini yenyewe haiwezi kubeba volti 300 na zaidi kwa dakika nzima: inachemka na kuungua. Kila mpigo unaoimeza nao unaikata umri. Kwa hiyo unahitaji vyote viwili, na varista ya mwaka juzi usiichukulie kuwa bado ni varista.

Ekstensheni zinazouzwa kwa jina la kuzuia mipigo, fungua moja kabla hujazisifia. Nimefungua nyingi. Nyingine zina varista tatu, safi kabisa. Nyingine zina kitaa chekundu, swichi, na maandishi. Nilishawahi kukuta waya wa ethi, ule wa kwenda ardhini, umeishia ndani ya plagi, haukuunganishwa popote. Beba na sumaku: waya wa ndani ukinaswa, siyo shaba huo.

Nimetaja ethi, na hapo ndipo kazi yako ilipo. Nusu ya kazi ya varista ni kumwaga mpigo kwenye ethi, na kama ethi haipo hakuna pa kumwaga. Pima soketi kabla ya kufunga chochote. Laivu (ule waya wa fesi) na nyutro, karibu 230. Laivu na ethi, karibu sawa na hiyo. Nyutro na ethi, volti chache sana. Mita ya digitali ikikuonyesha 90 au 110 kati ya laivu na ethi, usiseme "ipo ila ndogo". Ni hewa hiyo, waya hauna mwisho. Na ukifungua soketi ukakuta kiwaya kifupi kimerushwa kutoka nyutro kwenda kwenye ethi, simamisha kazi. Fundi aliyetangulia alitaka mita imfurahishe. Siku nyutro ikikatika, bati la muziki litakuwa laivu na mtoto ataligusa.

Kisha kuna ile plagi ya miguu miwili tunayoichomeka kwa kusukumia mfuniko wa kalamu kwenye tundu la juu. Kifaa chenyewe chenye alama ya mraba ndani ya mraba hakihitaji ethi, hilo sawa. Lakini ukiunganisha viwili vya namna hiyo kwa HDMI huku vinawaka, kile kiumeme kinachokutekenya ukishika bati kinapita kwenye waya wa HDMI, na matundu hufa hivyo siku ya kufunga kabisa, mbele ya mteja. Chomoa vyote ukutani, unganisha nyaya, ndipo uchomeke.

Sasa yule marehemu wa tatu. Nyegezi, mteja mmoja, homu thieta nzuri, TV kubwa, king'amuzi. Mvua za kwanza HDMI zote tatu zilikufa. Nikamuuzia gadi nzuri kuliko zote nilizokuwa nazo. Mvua zilizofuata, HDMI zikafa tena. Nikailaumu gadi, nikabadilisha kwa hela yangu. Msimu wa tatu, hivyo hivyo. Jioni moja nimekaa sebuleni kwake, macho yakafuata waya mmoja mweusi kutoka king'amuzi kwenda dirishani. Dishi. Waya wa dishi ulikuwa unatoka juu ya bati, unaingia king'amuzi, king'amuzi kinaingia kwenye muziki kwa HDMI, muziki unaingia TV kwa HDMI. Nilikuwa nafunga mlango wa mbele kwa kufuli tatu, mwizi anapita nyuma.

Radi si lazima ilipige dishi. Ikipiga jirani tu, waya mrefu ulioko juu ya nyumba unaamsha volti zake wenyewe. Dawa ni kuunganisha nguzo ya dishi na ngozi ya chuma iliyo chini ya ganda la waya wake kwenye ethi ya nyumba, kabla waya haujaingia ndani. Nasema ethi ya nyumba. Usichimbie dishi fimbo yake peke yake na kuiacha hivyo, kwa sababu radi ikipiga, fimbo mbili zisizounganishwa zinakuwa na volti tofauti, na daraja kati yake ni ile HDMI ya mteja. Waya wa intaneti unaotoka nje ufikirie vivyo hivyo.

Mteja mwenye uwezo mwekee kizuia mipigo cha nyumba nzima pembeni ya meni swichi, daraja la pili, chenye kidirisha kinachobadilika rangi kikifa. Nyaya zake, kwenda na kurudi kwa jumla, zisizidi nusu mita. Kwa kasi ya radi mita moja ya waya inaweza kujiongezea volti elfu moja, na mafundi wanaouzungusha vizuri kwa urembo wanaharibu kazi.

Stebilaiza, kifaa cha kupandisha na kushusha volti, simshauri mtu wa homu thieta. Angalia nyuma ya kifaa: kikiandikwa 100 hadi 240, umeme mdogo haukisumbui. Stebilaiza rahisi ikiwa imepandisha 160 kwenda 220, umeme ukirudi ghafla 240, kwa kitambo inampa mteja 330. Jenereta ndogo, iache ichangamke kwanza ndipo uwashe muziki, na uzime muziki kabla mafuta hayajaisha. Na mteja akikwambia sabufa yake ni "wati elfu moja", soma kibandiko cha nyuma. Mara nyingi inavuta mia, na gadi ya kawaida inamtosha.

Bado hapo hakuna kifaa kitakachosimama radi ikipiga nguzo ya mlangoni. Huku ziwani tusijidanganye. Kabare, Kivu Kusini, imeshika nafasi ya pili duniani kwa wingi wa radi katika utafiti wa setilaiti uliochapishwa 2016, na Ziwa Victoria nalo lina radi nyingi. Tena ngurumo za ziwani hupenda usiku wa manane hadi alfajiri. Ukimwambia mteja "chomoa radi ikianza", radi itaanza yeye yuko usingizini, na akiamka kushika waya wa dishi wakati inanguruma umemtuma kwenye hatari. Mwambie achomoe kabla ya kulala, plagi zote na waya wa dishi.

Kule Nyegezi nilimwonyesha baba mwenye nyumba namna ya kuzungusha ile nati ya waya wa dishi. Akaitikia kwa heshima, akasahau. Safari iliyofuata nikamwonyesha binti yake wa darasa la sita, ambaye ndiye huzima TV usiku baada ya wote kwenda kulala. Mvua za vuli zilipopita nilipiga simu kuulizia HDMI. Ni yeye aliyepokea, akaniambia tatizo lililobaki ni asubuhi, baba anapiga kelele king'amuzi hakina picha.