Barua kwa mwanangu: Si kura peke yake iliyomweka Hitler

Mwanangu,

Salaam kutoka Tanga. Huku hatujambo, mama yako anakusalimu na anauliza kama lile koti ulishanunua au bado unaungaunga na sweta mbili.

Ujumbe wako nimeusoma. Unasema mlitembezwa mjini Berlin na wenzako wa chuo, mkabishana njia nzima, na mmoja akakata shauri kwamba Hitler aliingia kwa kura, basi, yameisha. Ukaniuliza mambo matatu: nchi yenye wasomi kiasi kile iliwezaje kumchagua mtu yule, kwa nini hakuna aliyemzuia, na waliomsaidia waliishia wapi. Nimefundisha historia mpaka nikastaafu, kwa hiyo ulijua unamchokoza nani. Kwa sauti za WhatsApp tutakesha, acha nikuandikie.

Nianze na hilo la kura, maana ndilo linalosemwa ovyo kuliko yote. Katika uchaguzi huru Wanazi, chama cha Hitler, hawakuwahi kupata nusu ya kura. Mwaka 1928 walipata asilimia 2.6, viti 12. Julai 1932, walipofika kileleni, walipata asilimia 37 na viti 230 kati ya 608. Novemba mwaka huohuo wakashuka hadi asilimia 33, wakapoteza kura kama milioni mbili, na chama kikawa kimejaa madeni. Tarehe 30 Januari 1933 Hitler akaapishwa kuwa Kansela, yaani mkuu wa serikali. Chama kinashuka, kiongozi wake anapandishwa. Hapo ndipo pa kudadisi. Simsafishi mpiga kura: theluthi ya nchi ilimpa mtu huyo kura kwa macho makavu, na chama chake ndicho kilichokuwa kikubwa kuliko vyote bungeni. Lakini kura hizo peke yake hazikumfikisha ofisini. Alifunguliwa mlango.

Ile jamhuri, inayoitwa ya Weimar, iliyochukua nafasi ya utawala wa mfalme, Kaiser, ilizaliwa tarehe 9 Novemba 1918 ikiwa na deni lisilo lake. Majenerali Hindenburg na Ludendorff ndio waliosema Vita vya Kwanza vya Dunia haviwezi kuendelea, kisha wakawaachia wanasiasa wa kiraia aibu ya kutia saini. Matthias Erzberger aliyesaini kusimamisha vita akapigwa risasi mwaka 1921. Walther Rathenau, waziri wa mambo ya nje, naye akauawa mwaka 1922. Hindenburg yeye akaenda mbele ya kamati ya Bunge mwaka 1919 akadai jeshi lilichomwa kisu mgongoni, yaani lilisalitiwa na watu wa nyumbani. Mwaka 1925 mzee huyohuyo, asiyeipenda jamhuri hata kidogo, akachaguliwa kuwa Rais wake.

Mahakimu nao walikuwa walewale wa enzi ya Kaiser. Novemba 1923 Hitler alijaribu kupindua serikali kule München, polisi wanne wakafa. Akahukumiwa miaka mitano, na kabla ya Krismasi ya mwaka 1924 alikuwa nje. Wa mrengo wa kushoto walipofanya makosa kama hayo hawakuonewa huruma ya namna hiyo.

Mfumuko wa bei wa 1923 umeusikia: Novemba dola moja ilikuwa mark trilioni 4.2, na mjane aliyejiwekea akiba maisha yake yote hakuweza kununua nayo hata stempu. Watu wengi husimulia kana kwamba kutoka hapo moja kwa moja akaja Hitler. Si kweli. Sarafu ilitengenezwa, nchi ikatulia miaka kama mitano, na mwaka 1928, kama nilivyokwambia, Wanazi walikuwa wa kuchekwa. Kilichobaki kwa watu wa tabaka la kati ni kwamba waliibiwa mara moja na hawako tayari kuibiwa tena.

Sasa njoo mwaka 1930, ambao kwangu ndio mwaka wenyewe, kuliko 1933. Soko la hisa la New York lilikuwa limeanguka, mikopo ya Wamarekani inarudishwa, viwanda vinafungwa. Serikali ya mseto ya Hermann Müller ilivunjika Machi 1930 kwa ugomvi wa nyongeza ya mchango wa bima ya wasio na kazi, nyongeza isiyofika hata asilimia moja. Nusu ya wabishi walikuwa upande wa vyama vya wafanyakazi, nusu upande wa waajiri, na hakuna aliyetaka kulegeza. Hiyo ndiyo ilikuwa serikali ya mwisho kutegemea wingi wa Bunge.

Akaja Heinrich Brüning wa chama cha Kikatoliki cha Zentrum. Katiba ya Weimar ilikuwa na ibara ya 48, iliyompa Rais mamlaka ya kutoa amri za dharura usalama wa nchi ukiwa hatarini. Ibara hiyo ilikuwa kama tairi la spea: ya kukufikisha gereji. Brüning aliamua kusafiri nalo. Julai 1930 Bunge lilipoikataa amri yake ya bajeti, halikusikilizwa, lilivunjwa. Uchaguzi ukaitishwa Septemba, wakati wenye njaa wakiwa na hasira mpya, na Wanazi wakatoka viti 12 hadi 107. Tangu hapo Kansela alitawala kwa saini ya mzee Hindenburg. Mwaka 1930 Bunge lilipitisha sheria 98. Mwaka 1932 lilipitisha 5, huku amri za dharura zikizidi 50.

Fikiria maana yake kwa fundi wa Hamburg asiye na kazi. Anaambiwa ana Bunge, lakini Bunge halikai. Mishahara inakatwa kwa amri, posho inapunguzwa kwa amri, na mapema mwaka 1932 wasio na kazi wamefika milioni sita. Ukimwambia mtu huyo atetee demokrasia, atakuuliza ipi. Watu walianza kuzoea kutawaliwa bila kuulizwa miaka mitatu kabla ya Hitler, na waliowazoesha walikuwa waungwana wenye digrii na tai.

Umeuliza kwa nini hakuna aliyemzuia. Mwaka 1920 walizuia. Machi mwaka ule Wolfgang Kapp na vikosi vyake waliiteka Berlin, wafanyakazi wakagoma nchi nzima, maji yakakatika, treni zikasimama, na baada ya siku chache Kapp akakimbia. Julai 1932 ilipojirudia kwa sura nyingine, hakuna aliyegoma. Kansela wakati huo alikuwa Franz von Papen, bwana mkubwa mpanda farasi asiye na chama nyuma yake. Tarehe 20 Julai, kwa ibara ileile ya 48, aliiondoa madarakani serikali ya jimbo la Prussia iliyoongozwa na Otto Braun wa chama cha Social Democratic, SPD. Prussia haikuwa jimbo dogo: zaidi ya nusu ya Wajerumani waliishi humo, na polisi wake walikuwa ngome ya mwisho ya jamhuri. SPD wakaenda mahakamani. Ungewalaumu? Utagoma vipi wakati getini wamepanga foleni watu wanaosubiri nafasi yako? Na Wakomunisti, ambao wangeweza kusimama nao, walikuwa wanawaita SPD mafashisti waliovaa nguo za ujamaa. Agizo lilitoka Moscow, lakini hata bila agizo chuki ilikuwepo, maana SPD ndio waliokuwa serikalini kiongozi wao Rosa Luxemburg alipouawa mwaka 1919. Kikulacho ki nguoni mwako.

Papen hakumfanyia haya Hitler. Alijifanyia mwenyewe. Lakini funguo za polisi wa Prussia alizozikusanya Berlin ndizo alizokuja kuzikuta mezani Hermann Göring, mtu wa Hitler, miezi sita baadaye.

Jinsi mlango wenyewe ulivyofunguliwa ni fitina tupu. Desemba 1932 Jenerali Kurt von Schleicher alimpiku Papen ukansela. Papen hakusamehe. Tarehe 4 Januari 1933 alikutana na Hitler mjini Köln, nyumbani kwa mwenye benki Kurt von Schröder, wakapanga namna ya kugawana serikali. Kazi iliyobaki ilikuwa kumlainisha Hindenburg, mwenye miaka 85, aliyemdharau Hitler kama koplo tu. Wakamhakikishia: Wanazi watakuwa watatu tu ndani ya baraza, Hitler, Frick na Göring, waliobaki wote ni watu wetu, na Papen atakuwa makamu. Papen anasimuliwa kumjibu rafiki aliyemwonya kwamba katika miezi miwili watakuwa wamembana Hitler kwenye kona hadi alie. Hesabu yake hiyo huwa nairudia kuisoma, kwa sababu haikuwa ya mjinga. Kwa mawaziri alikuwa na wingi. Hakujali tu kwamba kati ya hao watatu mmoja alishika wizara ya mambo ya ndani na mwingine alishika polisi wa Prussia.

Hiyo miezi miwili ilitosha, ila kwa upande wa pili. Februari Göring aliwavisha vitambaa vya mkononi mgambo wa chama, wale wa mashati ya kahawia, wakawa polisi wasaidizi. Usiku wa tarehe 27 Februari jengo la Bunge likaungua. Akakamatwa humo kijana Mholanzi, Marinus van der Lubbe. Kesho yake Hindenburg akatia saini amri ya dharura iliyosimamisha uhuru wa kusema, wa magazeti, wa kukutana, siri ya barua na simu, na kinga ya kutokamatwa bila sheria. Amri hiyo haikufutwa hadi 1945. Hata katika hali hiyo, uchaguzi wa tarehe 5 Machi uliwapa Wanazi asilimia 43.9, bado chini ya nusu.

Tarehe 23 Machi wabunge wakakutana katika jumba la opera la Kroll, kwa kuwa lao lilikuwa limeungua. Mashati ya kahawia walijipanga kwenye korido na ukumbini, nje kundi linapiga kelele kwamba sheria ipite au moto utawaka. Sheria yenyewe iliipa serikali ruhusa ya kutunga sheria bila Bunge, hata zinazopingana na katiba. Ilihitaji theluthi mbili. Wakomunisti 81 hawakuruhusiwa kuingia, na wabunge kadhaa wa SPD walikuwa wameshakamatwa au wamekimbia. Otto Wels wa SPD akasimama mbele ya Hitler akasema uhuru na maisha yetu mnaweza kutunyang'anya, heshima hamwezi. Wenzake wote waliokuwepo, 94, walipiga kura ya hapana. Zentrum walipiga ndiyo, maana Hitler aliwaahidi kuwa shule na haki za Kanisa hazitaguswa, na barua ya ahadi ikasemwa iko njiani. Haikufika. Brüning naye alipiga ndiyo. Hata Theodor Heuss, aliyekuja kuwa Rais wa kwanza wa Ujerumani Magharibi, alipiga ndiyo. Kura 444. Kufikia Julai vyama vingine vyote vilikuwa vimepigwa marufuku au vimejivunja.

Kuna mtu wa kwetu aliyeyaona haya Berlin. Bayume Mohamed Husen alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, akatumika akiwa mtoto katika jeshi la Wajerumani pamoja na baba yake askari. Mwaka 1929 alikwenda Berlin kudai malimbikizo ya mshahara wao, wizara ya mambo ya nje ikamkatalia. Akabaki, akawa mhudumu katika Haus Vaterland pale Potsdamer Platz na akafundisha Kiswahili chuo kikuu. Januari 1933, mwezi uleule wa fitina za Papen, alimwoa binti wa Kijerumani. Mwaka 1941 alikamatwa kwa kuwa na uhusiano na mwanamke mzungu, akapelekwa kambi ya Sachsenhausen bila kusimamishwa mbele ya hakimu, akafia humo Novemba 1944. Kumfungia mtu namna hiyo kulitegemea amri ya Februari 1933. Ukitaka kujua kusimamishwa kwa kinga ya kutokamatwa kunamaanisha nini, soma habari zake.

Swali la tatu ni jepesi. Schleicher alipigwa risasi nyumbani kwake tarehe 30 Juni 1934, pamoja na mkewe. Siku hiyohiyo Papen alizuiliwa nyumbani na wasaidizi wake wawili wakauawa, na bado baadaye alikubali kuwa balozi wa Hitler Vienna na Ankara. Hindenburg alikufa kitandani Agosti 1934, na Hitler akauchukua urais wake. Mahakama ya Nürnberg, ya mataifa yaliyoshinda vita, ilimwachia huru Papen mwaka 1946. Mahakama ya Wajerumani wenyewe ikampa miaka minane, akatoka 1949. Alikufa mwaka 1969 akiwa na miaka 89, baada ya kuandika kumbukumbu zake akieleza kwamba kosa halikuwa lake.

Mjulishe yule mwenzako kuhusu uchaguzi wa Novemba 1932, kisha uniandikie atakachojibu. Na koti ununue.

Ni mimi baba yako.