Land Rover 109 iliyooza chasisi: kabla hujauza wala kuchomelea, igonge kwanza

Mkuu, umeuliza ufanye nini na 109 yako (Land Rover ndefu, inchi 109 toka ekseli ya mbele hadi ya nyuma) ambayo fundi kasema chasisi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari lote, "imekwisha": uipeleke vyuma chakavu au uichomelee. Nami nilishasimama hapo hapo, nikalipa mara mbili kwa kazi moja, kwa hiyo nitakwambia ninachokijua.

Yangu ni Series III ya 1979, pikapu, niliinunua Tanga mwaka 2011 kwa padri mstaafu. Bodi ilikuwa safi mno, na hicho ndicho kilichoniponza. Bodi ya Land Rover karibu yote ni aluminiamu tangu zile za kwanza za 1948, enzi ambazo Uingereza chuma kilikuwa cha mgawo baada ya vita. Aluminiamu haioti kutu. Chini ndiko kuna chuma cha kawaida: mabamba yaliyochomelewa kingo kwa kingo yakawa boksi refu lenye uwazi ndani. Humo ndimo tope na chumvi ya pwani hujikusanya, vitundu vya kutolea maji vikiziba ndiyo basi tena. Wewe unapiga rangi nje, kutu inakula ndani kama mchwa kwenye boriti.

Dalili ya kwanza niliipuuza. Mlango wa dereva ulianza kugoma kufunga mpaka uunyanyue kidogo. Nikabadilisha bawaba. Kumbe bawaba hazikuwa na kosa, ni chasisi iliyokuwa inalegea katikati na bodi inaifuata.

Siku moja natoka Pangani na mzigo wa nazi, nikasikia "ta!", gari likakaa chini upande wa kushoto nyuma. Hanga ya springi, kile kishikio kinachoifunga springi kwenye chasisi, ilikuwa imeng'oka na kipande cha chasisi, kama jino bovu linavyotoka na nyama yake. (Watoto walinisaidia kuokota nazi, na nyingine walizisaidia hadi kwao.)

Fundi wa kwanza alichomelea pleti juu ya kutu, akapaka lami nzito, kazi ikapendeza. Haikumaliza mwaka. Kilichonishangaza ni kwamba mshono wake ulikuwa mzima kabisa. Chuma kilichouzunguka ndicho kilichochanika. Na ile lami ilikuwa imefunga unyevu ndani kama kifuniko cha sufuria.

Fundi wa pili alikuwa mzee mmoja ambaye hakugusa mashine siku nzima ya kwanza. Aliniambia, "Kijana, lala chini," tukaingia wote chini ya gari na nyundo ndogo na chaki. Chuma kizima kinalia "ti, ti". Kilichooza kinajibu "bu", na ukishazoea hutakosea, ni kama kugonga fenesi ujue limeiva. Kila penye "bu" tulipiga alama, kisha tukachokoa kwa bisibisi. Sehemu tatu bisibisi ilizama hadi kwenye mpini.

Kwa hiyo nawe anza na nyundo. Gonga hanga zote za springi, gonga ile mikono inayotoka ubavuni kushika bodi, na boriti ya nyuma panapofungwa ndoana ya tela. Mikono na boriti ya nyuma zikiwa zimeoza usiogope, zinakatwa na kuwekwa mpya, ni kazi ya kawaida. Lakini kama zile reli mbili kuu, yaani boksi mbili ndefu za chasisi, zinajibu "bu" kwa urefu, hasa chini na katikati, fundi wako kasema kweli. Uingereza wapo bado wanaotengeneza chasisi mpya za 109 zilizochovywa kwenye zinki, ila piga hesabu ya usafiri na ushuru kabla hujafurahi.

Ukiamua kuchomelea, osha ndani kwanza. Tuliingiza mpira wa maji ya bomba kwenye reli, likatoka tope jeusi ndoo mbili. Acha ndani pakauke kabisa. Kisha kata kilichooza mpaka ufike kwenye chuma kinachong'aa; kiraka juu ya kutu ni kuchoma hela. Kabla ya kukata, weka mawe au stendi chini ya reli sehemu kadhaa na upime pembe kwa pembe, la sivyo utachomelea gari likiwa limepinda. Mzee alitumia bamba la milimita 3, ncha za kiraka akazikata mshazari, kwa sababu mshono uliokatiza reli wima ndipo inapovunjikia tena. Alichomelea vipande vifupi, huku na kule, chuma kisijikunje kwa joto.

Tangi la mafuta kwenye pikapu lipo chini ya kiti: litoe, usiliamini kwa kulifunika gunia. Chomoa betri na nyaya za alteneta. Na usikubali viraka vya mabati, yamepakwa zinki. Moshi wa zinki ulimtetemesha kijana wa mzee usiku kucha kama mwenye malaria.

Jambo ambalo wengi hulisahau: namba ya chasisi imegongwa mbele kulia, karibu na hanga ya springi. Wakikata pale ovyo, kadi yako na gari havitasomana tena, na hapo utaanza kujieleza.

Nje piga redoksaidi (rangi ya kwanza ya kuzuia kutu) kisha rangi. Ndani, kazi ya moto ikishaisha kabisa, nyunyiza oili safi nyepesi. Oili chafu watu wengi wanaipenda kwa kuwa ni ya bure, ila mimi siitumii; na oili yoyote, safi au chafu, inalainisha bushi za mpira na mipira ya breki, kwa hiyo isifike huko. Mimi narudia kila baada ya masika, na nikipita ufukweni naosha chini jioni ile ile.

Ukimaliza kugonga, weka hapa picha za chini zenye alama za chaki, na hanga ya nyuma kushoto nipigie kwa karibu.